Mkunga Aliyetenganisha Jana na Zamani

Jina lake nalijua, ila sitalitaja, kwa kuwa hata alipokuwa hai watu hawakulitumia. Tulimwita mkunga. Mtelemko ule juu ya Tengeru ulikuwa na wakunga wengine wawili, nao walikuwa hodari, lakini hao ilibidi watajwe kwa majina. Ukisema mkunga tu, bila kuongeza neno, hata watoto walijua wakuelekeze kwa nani.

Nilimfahamu tangu mwaka nilioletwa kuolewa, Wajerumani wakiwa wameshajenga boma lao Arusha na kulipaka chokaa, mpaka vita vilipowaondoa. Mimi si Mmeru wa kuzaliwa. Nilizaliwa Sekei, kwa Waarusha, na lugha ya mama yangu ilikuwa Kimaa. Kiswahili nilikiokota usichanani, kwa sababu tulikuwa tukipeleka maziwa kwenye nyumba za askari karibu na boma. Kimeru sikuwa nacho kabisa. Mume wangu alinichumbia kwa Kimaa, maana vijana wengi wa Kimeru siku zile walicheza ngoma pamoja na wenzao wa Kiarusha, na mimi kwa ujinga wangu nilidhani tutaishi hivyo hivyo.

Siku ya tatu mkunga alikuja kunitazama. Nyumba ilijaa wanawake. Wifi yangu alikuwa amenifundisha maneno machache ya kumpokea mgeni, nami nikayatoa kwa sauti kubwa ili wajue kwamba nimejifunza. Walicheka mpaka mmoja akaweka kibuyu chake chini asije akamwaga maziwa. Mkunga hakucheka. Alinishika kiganja, akanitoa nje hadi migombani, akaanza kugusa kitu kimoja kimoja: mgomba, jani lake, jembe lililoegemezwa ukutani, mbuzi, kisha kifua chake mwenyewe. Kila alichokigusa alikitaja mara mbili, kwanza kikiwa kimoja, halafu vikiwa vingi, huku akinionyesha mdomo.

Aliyoyasema, wifi yangu alinifasiria baadaye. "Watu wana mlango wao wa kuingilia. Miti ina wake, na vitu vya mkono vina wake. Wewe umeniingiza kwa mlango wa vitu. Je, mimi ni kibuyu?"

Katika Kimaa nilizoea milango miwili, wa kiume na wa kike, na hata jiwe lilikuwa na upande wake. Kimeru hakikujali kama mtu ni mwanamume au mwanamke; neno la kumtajia lilikuwa moja. Lakini kilikuwa na milango mingi mingine, na ukishauchagua mmoja, kila neno linalofuata lazima lipite humo humo, sifa, hesabu na kitendo, kama mbuzi wanaofuatana kwenda kunywa. Anayekijua Kiswahili vizuri atanielewa, kwani Kiswahili na Kimeru ni mabinti wa bibi mmoja walioolewa mbalimbali. Mimi wakati ule hata Kiswahili changu kilikuwa cha kuuzia maziwa tu, kila kitu nikikiita "hii".

Alikuwa mwanamke mrefu na mkavu, mwenye viganja vikubwa kuliko vya mume wangu. Kucha alizikata kila asubuhi kwa kisu kidogo ambacho hakikukata kitu kingine chochote. Alinusa ugoro, na kabla ya kuunusa alikuwa na desturi ya kutazama huku na huku kana kwamba anaiba, ingawa hakuna aliyemkataza. Akiitwa kwenye uzazi alimaliza kwanza kula, hata kama mume wa mwanamke amesimama mlangoni anatetemeka. Waliokuwa hawamjui walisema hana huruma. Yeye alisema mkunga mwenye njaa hutaka mtoto atoke upesi, na mtoto wa upesi hufika na madhara.

Kwa maziwa alikuwa mkarimu, kwa ndizi mbivu mchoyo. Mkungu ukiiva alikula peke yake nyuma ya nyumba. Tena alikuwa mgomvi. Kuna mwanamke jirani aliyegombana naye kwa ajili ya mpaka wa migomba, wakanuniana miaka mingi bila salamu. Hata hivyo watoto wote wa jirani huyo walipokelewa na mikono ya mkunga. Nilikuwapo mara moja. Alimgeukia mama mkwe wangu aliyekuwa ameshika mgongo wa yule mwanamke, akasema, "Mwambie asukume." Mama mkwe akamwambia. Mwanamke akajibu, pia kwa kupitia mama mkwe, kwamba anasukuma. Wakaenda hivyo mpaka mtoto akalia.

Hukumu zake juu ya usemi wa watu zilikuwa kali, na si zote zilikuwa za haki. Kijana mmoja alirudi kutoka Moshi alikokuwa akifanya kazi, akamsalimu kwa mchanganyiko wa Kichaga na Kiswahili, akidhani atasifiwa. Mkunga alimpita kama anayepita kisiki. Kesho yake tena, na keshokutwa. Mama wa yule kijana alikuja kwetu kulia. Kijana alikuwa mpole, amemletea mama yake blanketi, hana kiburi chochote; ni ulimi tu uliokuwa umezoea ugenini. Nilipomwambia mkunga kwamba amemuumiza, alisema ulimi ukizoea ugenini mwenyewe hufuata. Sikumpenda siku ile. Wala sikujua bado kwa nini alikuwa na woga huo.

Mimi alinifundisha bila kunihurumia. Jambo lililonishinda zaidi lilikuwa kupanda na kushuka kwa sauti. Kimeru kina maneno ambayo ukiyaandika ni yale yale, lakini ukiinua sauti mwishoni ni kitu kimoja, ukiishusha ni kingine. Siku moja nilikusudia kumwomba baba mkwe jembe, sauti ikateleza, nikamwomba kitu ambacho mkwe haombwi. Mzee wa watu aliinuka, akaenda zake kwenye mfereji, akakaa huko mpaka jioni. Mkunga alipopata habari alikuja akanikalisha, akaimba sentensi yangu bila maneno, kwa kuvuma tu midomo ikiwa imefumbwa, nami nikavuma nyuma yake. Tulivuma namna hiyo siku nzima tukimenya ndizi. Tangu hapo sikukosea tena lile neno, ingawa baba mkwe hakunitazama usoni mpaka mavuno.

Mashina ya maneno aliyalinganisha na migomba. Shina ni moja, alisema, lakini linazaa machipukizi pembeni, na mkulima mjinga hununua mbegu wakati machipukizi anayo. Kwa Kiswahili ningeonyesha hivi: funga, fungua, fungia, fungana, fungisha. Alitaka nikipewa shina moja nimletee machipukizi yake yote kabla chungu hakijachemka. Alichukia kumsikia mtu anatafuta neno geni huku la kwao limelala nyuma ya nyumba halijang'olewa.

Halafu kulikuwa na nyakati. Kiswahili kikisema "nilikula" hakikwambii ulikula asubuhi au ulikula mwaka ule wa njaa. Lazima uongeze neno. Kimeru kinaweka jambo hilo ndani ya kitendo chenyewe. Lililotokea leo lina umbo lake, la jana au juzi lina lake, na lililotokea zamani lina lake, wala hapana haja ya kutaja siku. Kwa mkunga huu haukuwa urembo wa maneno. Aliingia katika nyumba ya mzazi na swali lake la kwanza lilikuwa maji yalitoka lini. Na mama akijibu kwa neno moja, yeye alijua papo hapo kama kuna nafasi au hakuna. Mimi nikiwa na mimba yangu ya kwanza nilimjibu kwa umbo la zamani, nikimaanisha asubuhi ile. Aliniambia kwa jibu langu mtoto wangu angekuwa sasa anachunga mbuzi.

Mzungu wa misheni alipoanza kupita na daftari, akiuliza maneno, wazee walimpeleka kwake. Alikuwa Mjerumani mpole, mwenye ndevu nyekundu, na alimheshimu mkunga kweli; alikaa chini kwenye kigoda kifupi, magoti yakifika masikioni. Kwa misimu kadhaa mkunga alimpa maneno ya uzazi, ya maziwa, ya migomba na ya maji. Kila mzungu alipotaka kuondoka, mkunga alimtaka asome alichokiandika, naye alisoma. Mkunga alisikiliza akasema maneno ni yenyewe, lakini karatasi ina mafua. Mzungu alielewa. Akaanza kutia vijialama juu ya herufi, hiki cha kupanda na hiki cha kushuka, na siku aliyosoma ukurasa mzima vizuri mkunga alimkatia ndizi mbivu. Jambo hilo lilizungumzwa mtelemko mzima.

Baadaye wakubwa wa misheni waliamua kwamba sisi tutasoma vitabu vilivyokwisha kutengenezwa kwa lugha ya jirani zetu wa Kilimanjaro, kwa sababu Wameru ni wachache na lugha hizo zinakaribiana. Mzungu mwenyewe alikuja kumweleza, na alionekana ana haya. Mkunga aliuliza daftari liko wapi. Akaambiwa limepelekwa Ulaya pamoja na mizigo mingine. Akatoa ugoro, hakuunusa.

"Basi yamepanda meli," alisema. "Mimi bahari sijaiona."

Hakumlaumu. Mzungu alipokwisha kuondoka, mkunga aliingia migombani akafanya kazi mpaka giza likaingia, na kesho yake aliniita, akaanza kunipa tena yale maneno yote aliyompa mzungu, moja baada ya jingine. Nilimwambia mimi si Mmeru. Alisema anaona kwamba mimi si Mmeru, ndiyo maana nayasikia. Waliozaliwa nayo hawayasikii, kama vile mtu hasikii harufu ya nyumba yake.

Sasa nieleze habari ya boma, kwa maana hata waliokuwa hawampendi waliitaja.

Chini ya mashamba yetu mzungu mmoja alikuwa amepewa ardhi. Mfereji uliotoka mlimani, uliokuwa ukinywesha migomba ya kwetu, ulipita mpakani mwake, naye alijenga ukuta wa udongo kuyakusanya maji yaende kwenye kahawa yake. Asubuhi moja ukuta ulikutwa umebomoka na maji yote yamekimbilia bondeni. Askari walikuja, wakauliza ni nani wanaoujua mfereji ule. Watu walisema kweli bila kujua wanasema nini: walimtaja mume wangu, kwa sababu yeye na baba yake ndio waliouchimba mdomo wake wa juu, yeye akiwa kijana. Wakamfunga mikono, wakampeleka Arusha.

Nilikuwa na mtoto mgongoni na mwingine tumboni. Jioni ya siku ya pili alirudi mtu wa kwetu aliyesimama kwenye baraza siku ya shauri, akatueleza. Bwana mkubwa wa boma aliuliza, mkalimani akafasiri: je, wewe uliufungua mfereji pale? Mume wangu alijibu ndiyo, niliufungua mimi pamoja na baba. Mkalimani, mtu wa pwani aliyejifunza lugha za huku alipokuwa Moshi, aligeuka akasema kwa Kiswahili, "Anasema aliufungua, yeye na baba yake." Bwana mkubwa alikijua Kiswahili vizuri. Hakuhitaji kusikia zaidi. Viboko hamsa ishirini, ndiyo ishirini na tano, keshokutwa asubuhi, kisha mnyororo miezi sita, na askari waje wamchukue mzee pia.

Mama mkwe alipiga uso kwa viganja. Mkunga alikuwapo, kwa kuwa alikuja kunitazama tumbo. Alimwambia yule mtu arudie alivyojibu mume wangu, kwa Kimeru, neno kwa neno. Yule mtu akarudia. Akamwambia arudie tena.

"Hilo ni la zamani," mkunga alisema. "Ukuta umevunjika juzi. Amewaambia hakuuvunja, na hawakusikia."

Alfajiri tulianza safari, yeye na mimi. Mtoto wa mgongoni nilimwacha kwa mama mkwe. Mkunga alisema nitakwenda naye kwa sababu Kiswahili ninacho na yeye hana. Nilimwambia Kiswahili changu ni cha maziwa, na Kimeru changu anakijua mwenyewe. Nikikosea, mume wangu atapigwa kwa kosa langu. Tulikuwa tumeshavuka mto wa kwanza. Akaanza kunieleza shauri lote tangu mwanzo, lipi niseme, lipi nisiseme, polepole na kwa mpango, nami nikawa naelewa kila kitu, nikashangaa kwa nini naelewa. Alikuwa anasema Kimaa. Si Kimaa cha kuokota kama cha vijana wa ngoma. Kilikuwa Kimaa cha wazee wa kwetu, chenye maneno niliyoyasikia kwa bibi yangu tu.

Nilisimama njiani. Akaniambia kwa Kimaa hicho hicho nitembee, jua linapanda.

Njiani hakusema zaidi kuhusu jambo hilo, nami sikuthubutu kuuliza. Lakini tulipofika Arusha nilikuwa na shauri lote kichwani, kwa lugha ya mama yangu, na sikuogopa tena.

Siku ile ilikuwa ya mashauri na watu walikaa chini kwenye kivuli cha ukuta wa boma wakingoja zamu. Zamu yetu ilipofika mkalimani aliuliza mwanamke huyu ni nani wa mfungwa. Mkunga akajibu kwamba ndiye aliyempokea kutoka tumboni mwa mama yake. Nikafasiri. Bwana mkubwa, mtu mfupi mwenye kikohozi, aliruhusu aseme.

Alisema, nami nikafuata kwa Kiswahili, kwamba mfungwa hakusema amefungua juzi. Amesema alifungua zamani. Mkalimani alikatiza. Alisema, bila hasira, kwamba yeye ni mtu wa kazi yake. Mfungwa hakutamka neno zamani hata mara moja, na askari walikuwapo. Na hiyo ilikuwa kweli.

Mkunga alinitazama nimpe maneno hayo, nikampa. Akamjibu mkalimani moja kwa moja, kwa Kimeru.

"Hakulitamka, baba, kwa sababu limo ndani ya kitendo. Kwenu mnalitoa nje. Wewe hukudanganya, na yeye hakudanganya."

Bwana mkubwa akauliza atajuaje kwamba bibi huyu hakulitunga neno hilo njiani ili kumwokoa mtu wake. Lilikuwa swali la haki. Mkunga alikuwa na jibu. Alisema nje kuna Wameru wanaobeba mawe ya boma, ambao hawajasikia shauri hili. Waitwe watatu, mmoja mmoja, wa kwanza asikutane na wa pili. Yeye atanyamaza, na mimi nitanyamaza. Mkalimani mwenyewe awatamkie lile neno kama alivyolisikia kwa mfungwa, akiwaambia tu kwamba mtu fulani amesema hivi kuhusu mfereji, kisha awaulize: ilikuwa lini?

Bwana mkubwa alikohoa, akamtuma askari.

Wa kwanza aliingia na vumbi la mawe usoni, akidhani ameitiwa kosa. Mkalimani alilitamka lile neno. Nilimtazama mkunga, midomo yake ilikuwa imefumbwa, lakini koo lilipanda na kushuka. Yule mtu alisema hajui mfereji gani, lakini ni jambo la miaka iliyopita. Akatolewa mlango mwingine. Wa pili alisema ni zamani, huenda kabla yeye hajaoa. Wa tatu alikuwa mzee kidogo, akamwomba mkalimani arudie, akasikiliza, akasema ikiwa msemaji ametamka hivyo basi si jana wala si juzi, na akauliza kama anaweza kunywa maji.

Hapo mkalimani alifanya jambo ambalo sijalisahau. Hakungoja kuulizwa. Alimgeukia bwana mkubwa, akasema kwamba yeye ndiye aliyekosea.

Kiboko kikafutwa, na mnyororo, na mzee hakuja kuchukuliwa. Lakini sitaki kusema tulishinda kuliko tulivyoshinda. Bwana mkubwa alisema mtu ambaye baba yake aliuchimba mfereji anajua pia kuujengea ukuta, kwa hiyo mume wangu atamjengea mzungu wa shamba ukuta wake upya, bila ujira, mpaka umalizike. Alifanya hivyo wiki tatu. Mvua za kwanza zilipokuja ukuta ulibomoka tena, na safari hiyo wanaume wote walikuwa Arusha kwenye kazi ya barabara. Udongo ule ni majivu ya mlima, haushiki maji. Mzungu aliacha kuuliza ni nani.

Tulipokuwa tukirudi na mume wangu akitangulia, ndipo mkunga aliponieleza. Alikuwa msichana mdogo wakati Waarusha walipopanda mtelemko wakachukua ng'ombe na watoto. Alilelewa upande wa magharibi wa mlima na mwanamke asiyekuwa na mtoto. Kakake alipompata na kumrudisha alikuwa tayari ameota maziwa, na Kimeru chote kilikuwa kimemtoka isipokuwa maneno ya kuitia mbuzi. Mama yake mzazi alikuwa hai. Walikaa pande mbili za moto wakitazamana, hawawezi kuulizana chochote. Alijifunza upya kama nilivyojifunza mimi, kwa kuchekwa, lakini mama yake alikufa kabla hajaweza kumwambia hata nusu ya aliyotaka.

Nilidhani atasema anawachukia watu wetu. Nikamwomba radhi, ingawa sikujua naomba kwa niaba ya nani.

"Yule mwanamke alinipenda," alisema. "Alinipenda kwa lugha aliyokuwa nayo. Angetumia ipi nyingine?"

Tangu siku hiyo, tukiwa peke yetu tukimenya ndizi, mara nyingine alisema nami Kimaa. Mtu akitokea alirudi kwenye Kimeru katikati ya sentensi, na uso wake ukawa mkali vile vile. Yule kijana wa Moshi, mkunga hakumwomba msamaha. Lakini mke wake alipojifungua, mkunga alikwenda bila kuitwa, na hakula kwanza.

Mara ya mwisho nilimwona huko Kikatiti, kwenye njia ya kwenda Moshi. Ilikuwa wakati wa vita. Wanaume wetu wengi walichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, na mume wangu alikuwa mmojawao. Wajerumani walikuwa wameshaondoka kuelekea kusini, Waingereza wakapita nyuma yao, na njia ya Moshi ilijaa watu walioachwa: wagonjwa, wapagazi waliotoroka, wanawake wa askari. Nilikwenda pale kila nilipoweza nikiuliza habari. Siku hiyo sikupata habari yoyote. Nilipogeuka kurudi nyumbani, mwanamke mmoja akaniambia mkunga wetu yuko kwenye kibanda kile, amekuja kukaa kwa binti yake aliyeolewa huku, na kuna mgeni anajifungua.

Nilikuwa sijamwona miaka michache, nikamkuta amezeeka kuliko nilivyotegemea. Jicho moja lilikuwa na ukungu na viganja vile vikubwa vilitetemeka. Hakunisalimu, alinijua kwa hatua, akaniambia ninawe mikono kwa sababu yake haiwezi. Mwanamke aliyelala pale alikuwa msichana, mke wa askari, mzaliwa wa Unyamwezi. Mumewe alikwenda na jeshi, yeye akashindwa kutembea. Kiswahili alikijua kidogo, na uchungu ulipokaza hicho kidogo nacho kilimwacha.

Mkunga aliongoza, mikono yangu ikafanya. Ilichukua sehemu kubwa ya mchana. Mtoto alikuwa wa kike, mdogo, mwenye nywele nyingi, naye alilia mara moja tu akanyamaza, akatutazama. Nilimfuta, nikataka kumwambia maneno ya kumkaribisha. Mkunga alinishika mkono.

"Mwache mama yake aanze."

Nilimfasiria yule msichana kwa Kiswahili. Alitikisa kichwa. Alisema hapa hakuna mtu wa kwao, ataongea na nani. Nikampa mkunga jibu hilo. Alisema niulize kama yule mtoto si mtu wa kwao.

Msichana aliomba mtoto, nikamweka kifuani pake, naye akaanza kumwambia maneno kwa lugha ya mama yake, kwanza kwa haya, kama mtu anayejaribu mlango asiojua kama umefungwa, halafu kwa wingi. Mimi sikuelewa. Mkunga aliinamisha kichwa upande wa sikio lake zuri.

"Amesema mwana," aliniambia. "Umesikia? Amesema mwana, kama sisi."

Akasogea kwa kujikokota mpaka kitandani. Aligusa jicho la mtoto akalitaja kwa Kimeru. Msichana alimtazama, hakuelewa anatakiwa nini. Kisha akaelewa, akagusa jicho lile lile akalitaja kwa Kinyamwezi. Maneno hayo mawili yalikaribiana kama ndugu. Mkunga akagusa pua. Pua haikufanana hata kidogo, na wote wawili wakacheka. Wakaenda mkononi, kidoleni, tumboni, unyayoni, na palipofanana mkunga alipiga paja lake taratibu, na palipotofautiana alilirudia neno la mgeni mara mbili tatu ili lisimpotee. Binti yake aliingia na uji, akaona hapana nafasi ya kuuweka, akatoka.

Mume wangu alirudi miezi mingi baadaye, amekonda, akiwa na maneno ya nchi ambazo sizijui. Mkunga alikufa kabla ya mvua, huko huko Kikatiti, na mimi sikuwahi mazishi. Niliambiwa yule msichana alikaa naye mpaka mwisho, kisha akafuata njia na mtoto wake mgongoni.

Lakini jioni ile nilipoinuka kuondoka bado walikuwa wanaendelea. Nilisimama mlangoni kidogo, nikiwa tayari kufasiri kama wangenihitaji. Hakuna aliyegeuka.